Maji Yakiingia Chomboni, Yatoke Wapi? Somo kwa Wavuvi, Manahodha na Abiria

Kabla ya kusi kuanza kuvuma kwa nguvu, wavuvi na manahodha wa Lamu hupandisha vyombo ufuoni, hukagua matanga na kamba, na kutia kalafati palipofunguka. Katika ukaguzi huo lipo jambo moja linalostahili kuangaliwa kwa makini kama tanga lenyewe, nalo ni njia ya maji kutoka chomboni.

Kila chombo kidogo cha tanga huingiwa na maji. Mengine huletwa na wimbi, mengine ni ya mvua, mengine hupenya polepole kwenye maungio ya mbao. Kwa hivyo chombo salama si kile kisichoingiwa na maji hata tone. Chombo salama ni kile ambacho maji yake yanaweza kutolewa upesi kuliko yanavyoingia.

Somo hili linaeleza jinsi maji yanavyohatarisha chombo kidogo, jinsi ya kutambua chombo chako ni cha aina gani, na hatua za kuchukua ufuoni na baharini. Limeandikwa kwa ajili ya wavuvi, manahodha wa vyombo vya abiria na watalii, wazazi ambao watoto wao wanajifunza tanga, na kila mkaazi anayevuka maji kwenda kazini, sokoni, shuleni au hospitalini.

MAJI NI MZIGO USIOTULIA

Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo. Dumu la lita 20 lina zaidi ya kilo 20. Hesabu hiyo ni rahisi, lakini maji yaliyo chini ya miguu humdanganya mtu kwa sababu yanaonekana machache.

Chukua mashua ambayo eneo lake la ndani, chini, ni mita 4 za mraba. Maji yakifika kwenye vifundo vya miguu, yaani kina cha sentimita 10 hivi, chombo kimebeba lita 400. Hayo ni madumu 20, au zaidi ya kilo 400. Hakuna nahodha ambaye angekubali kupakia abiria wengine watano au sita baada ya chombo kujaa, lakini anayeacha maji yafike vifundoni amepakia uzito uo huo.

Uzito si hatari pekee. Gunia la mchele au tenga la samaki likipangwa vizuri hukaa mahali pake. Maji hayakai. Chombo kikilala kidogo upande wa demani, maji yote hukimbilia upande huo na kukilaza zaidi. Ukingo unashuka karibu na bahari, na wimbi linalofuata halihitaji kuwa kubwa ili liingie ndani. Likiingia, maji yanaongezeka na chombo kinalala tena. Ndiyo maana chombo kinaweza kwenda kwa muda mrefu kikiwa na maji ndani bila tatizo, kisha kikapinduka ghafla.

Chombo chenye maji mengi pia huchelewa kuitikia usukani. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Baharini maneno hayo ni kweli tupu: nahodha anageuza, omo haifuati, na wimbi linakipata chombo ubavuni.

SWALI LA KWANZA: SAKAFU IKO JUU AU CHINI YA BAHARI?

Kabla ya kufikiria pampu, mifereji au vizibo, kila mwenye chombo anapaswa kujibu swali moja. Chombo kikiwa kimepakiwa watu na mizigo kama kawaida, je, sakafu wanayokanyaga watu iko juu ya usawa wa maji ya bahari au chini yake?

Maji hutiririka kutoka juu kwenda chini. Kama sakafu iko juu ya usawa wa bahari, tundu lililo sakafuni litatoa maji nje lenyewe, bila mtu kuyagusa. Kama sakafu iko chini ya usawa huo, tundu hilohilo litaleta bahari ndani.

Mashua, dau, ngalawa na mitumbwi mingi ya pwani yetu ni vyombo vya wazi. Sehemu yake ya ndani iko chini ya usawa wa bahari. Vyombo vya namna hii havitoboiwi mifereji. Maji yake hutolewa kwa mkono au kwa pampu.

Kuna vyombo vingine, hasa boti za faiba za tanga na baadhi ya dingi za mashindano, ambavyo vina sitaha na kokpiti, yaani sehemu ya wazi iliyobonyea wanamokaa nahodha na mabaharia. Sakafu ya kokpiti hiyo hujengwa juu ya usawa wa bahari na huwekewa matundu ya kutolea maji. Wimbi likiingia, maji hutoka yenyewe.

Hatari kubwa hutokea pale mtu anapokichukulia chombo cha aina moja kama cha aina nyingine. Fundi anayetoboa mfereji kwenye mashua ya wazi kwa kuwa ameuona kwenye boti ya faiba anaialika bahari. Na nahodha wa boti ya faiba anayepakia watu kupita kiasi anaishusha sakafu yake chini ya usawa wa bahari bila kujua, na matundu yaliyowekwa kumwokoa yanaanza kumjazia maji.

NGUZI: TUNDU LA UFUONI

Wajenzi wa vyombo wa pwani walilijua jambo hili zamani. Vyombo vingi vya mbao vina nguzi, tundu dogo lililo chini ya chombo, lenye kizibo cha mti. Kazi yake ni ya ufuoni tu. Chombo kikipwelewa au kikipandishwa mchangani, kizibo hutolewa na maji ya ngama humwagika yote. Kabla ya chombo kurudi majini, kizibo hurudishwa na kukazwa.

Tundu dogo chini ya maji si jambo dogo. Tundu lenye upana wa sentimita 2.5, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa bahari, linaweza kuingiza zaidi ya lita 40 za maji kwa dakika. Hayo ni madumu mawili kila dakika. Katika dakika 10 za mwanzo, mashua ya mfano wetu inakuwa na lita 400, yale maji ya kufika vifundoni.

Kwa sababu hiyo kizibo cha nguzi kinafaa kufungwa kamba fupi ili kisipotee, na kizibo cha pili kiwekwe pamoja na vifaa vya chombo. Manahodha waangalifu hawakisukumi chombo majini mpaka wawe wameigusa nguzi kwa mkono wao wenyewe. Kuambiwa na mwingine kwamba imefungwa hakutoshi.

JINSI KOKPITI INAVYOJIMWAGA

Kwa wenye boti za kokpiti, matundu yanahitaji kueleweka vizuri. Mambo matatu huamua kasi ya maji kutoka: upana wa tundu, kimo cha maji juu ya tundu, na usafi wa njia yenyewe.

Upana una nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Tundu lenye upana mara mbili halitoi maji mara mbili tu, bali karibu mara nne, kwa sababu eneo la tundu huongezeka mara nne. Mfano ni kokpiti yenye urefu wa mita 1.5, upana wa sentimita 80 na kina cha sentimita 30. Ikijazwa na wimbi moja hubeba lita 360, karibu kilo 370, sawa na watu wazima watano wameketi upande mmoja wa chombo. Ikiwa ina matundu mawili ya sentimita 2.5, kwa hesabu rahisi itachukua zaidi ya dakika nane kumwagika yote. Ikiwa na matundu mawili ya sentimita 3.8, itamwagika kwa muda usiofika dakika nne. Katika bahari ya kusi, ambapo mawimbi hufuatana, tofauti ya dakika nne ni kubwa sana.

Hesabu hizo ni za njia iliyo safi. Wavu uliowekwa juu ya tundu kuzuia uchafu hupunguza nafasi ya maji kupita. Magamba ya samaki, vipande vya kamba, mchanga, majani na mifuko ya plastiki huiziba kabisa. Mpira unaopeleka maji kutoka sakafuni hadi ubavuni ukipindwa sana nao hukaba maji. Afadhali tundu pana lisilo na wavu, linalosafishwa kila siku, kuliko tundu lenye wavu mzuri ambalo hakuna anayeliangalia.

Matundu yanafaa kuwa kwenye kona za nyuma za kokpiti, moja kila upande, kwa sababu chombo cha tanga mara nyingi huenda kikiwa kimelala upande mmoja na maji hukusanyika kwenye kona ya chini. Hapo ndipo penye ugumu. Kona hiyo ya chini ndiyo iliyo karibu zaidi na bahari, na tundu lake la nje laweza kuwa limezama. Katika boti nyingi, wajenzi hupishanisha mipira: mfereji wa kulia hutokea ubavu wa kushoto, na wa kushoto hutokea ubavu wa kulia. Chombo kikilala, kona iliyo chini inakuwa imeunganishwa na tundu la nje lililo upande ulioinuka, na bahari haipati njia fupi ya kurudi ndani.

Palipo na tundu la nje chini ya usawa wa maji, pawe na koki ya kufunga. Koki hiyo ifunguliwe na kufungwa mara kwa mara ili isigande kwa kutu na chumvi. Mpira ufungwe kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu, na uangaliwe kama umepasuka au kulainika. Mpira wa mfereji ukichomoka ndani ya chombo, ni sawa na nguzi iliyoachwa wazi, tena mahali ambapo hakuna anayepaona.

Dingi za mashindano zina kifaa kingine: kijimlango kidogo chini ya chombo kinachofunguliwa wakati chombo kinakwenda kasi. Maji yanayopita chini yake kwa kasi huyavuta nje maji yaliyo ndani. Kifaa hiki hufanya kazi chombo kikiwa na mwendo tu. Kikipunguza mwendo au kikisimama, maji hurudi ndani kwa njia ileile. Vijana wanaojifunza tanga wafundishwe kukifunga kabla ya kusimama, wala wasisubiri mpaka miguu ilowe.

MLANGO WA KUINGILIA NDANI

Boti yenye kokpiti na chumba cha ndani ina udhaifu mmoja zaidi, nao ni mlango kati ya hizo mbili. Maji yakijaa kokpiti na mlango uko wazi, hayasubiri mifereji. Yanaingia chumbani, na humo hakuna mfereji.

Fundisho hilo lilipatikana kwa gharama kubwa mwezi Agosti 1979, katika mashindano ya Fastnet, yanayoanzia kusini mwa Uingereza na kuuzunguka mwamba wa Fastnet ulio karibu na Ayalandi. Vyombo 303 vilianza safari na vikakutana na dhoruba kali. Mabaharia 15 walifariki. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha, miongoni mwa mambo mengine, kwamba mbao za kuziba mlango wa chumba zilichomoka katika baadhi ya vyombo vilipopinduka, na maji yakaingia. Tangu hapo mabaharia wengi wa boti za namna hiyo hufunga mbao hizo kwa kamba au komeo ili zisitoke hata chombo kikilala kabisa. Kizingiti cha mlango nacho huwekwa juu, ili kokpiti iliyojaa isimwagikie ndani.

Mashindano hayo yalitoa fundisho la pili. Vyombo 24 viliachwa baharini na mabaharia wake, lakini ni vitano tu vilivyozama. Vilivyobaki vilikutwa baadaye vikielea. Chombo kilichojaa maji lakini bado kinaelea ni salama kuliko mtu kuogelea peke yake, na huonekana kwa urahisi zaidi na wanaotafuta.

CHOMBO CHA WAZI: KUKUMBA MAJI

Kwa mashua na dau, mfereji ni mkono wa binadamu. Mabaharia wa mitepe, vyombo vya kale vya visiwa vyetu ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigwa misumari, walikumba maji kama sehemu ya kazi ya kila siku. Leo kazi hiyo hufanywa kwa upo, ndoo, dumu lililokatwa au pampu ya mkono. Chochote kitumikacho, mambo manne ni muhimu.

La kwanza ni njia ya maji ndani ya chombo. Chini ya mataruma huachwa vijitundu ili maji yatiririke hadi kwenye ngama, mahali pa chini kabisa. Vikizibwa na magamba, mchanga au nyuzi za nyavu, maji hubaki yametengana sehemu sehemu na mkumbaji hayafikii. Vijitundu hivyo visafishwe kila chombo kinapopwelewa. Kipande cha kamba kinachopitishwa humo na kuvutwa huku na huku hufanya kazi hiyo vizuri.

La pili ni nafasi ya kukumbia. Mizigo, farumi na nyavu visipangwe juu ya ngama. Maji yakianza kuingia kwa kasi hakuna muda wa kuhamisha magunia.

La tatu ni ukubwa na idadi ya vyombo vya kukumbia. Mtu mmoja akitupa nje lita 10 mara nane kwa dakika, anatoa lita 80. Hiyo ni mara mbili ya maji yanayoingizwa na lile tundu la sentimita 2.5, lakini hakuna mtu anayeweza kuendelea hivyo kwa saa nzima. Chombo kiwe na angalau ndoo mbili na watu wa kupokezana. Dumu lililokatwa linafaa kwa maji ya chini ambayo ndoo haiyapati. Pampu ya mkono humpa mtu nafuu kwa kazi ndefu, lakini bomba lake huziba kwa takataka, kwa hivyo haichukui nafasi ya ndoo.

La nne ni kamba. Ndoo isiyofungwa huelea na kwenda zake chombo kinapolala, wakati ule hasa inapohitajika. Dingi ya Optimist, ambayo watoto hujifunzia tanga katika nchi nyingi duniani, ni chombo cha wazi kisicho na mfereji. Kanuni zake zinataka kikumbio kifungwe chomboni kwa kamba. Kanuni hiyo ya watoto inafaa mashua ya watu wazima pia.

HEWA ILIYOFUNGIWA NI AKIBA

Optimist hiyohiyo ina mifuko mitatu ya hewa iliyofungwa ndani, ili ikijaa maji isizame na mtoto aweze kuikumba. Kwa mashua, kazi hiyo inaweza kufanywa na madumu matupu yaliyofungwa vifuniko barabara. Dumu la lita 20 lenye hewa, likizama, huinua karibu kilo 20. Madumu 10 huinua karibu kilo 200.

Mbao zenyewe huelea, lakini mashua ya leo hubeba injini, nanga, barafu na farumi ya viroba vya mchanga, na uzito huo unaweza kuishusha. Madumu yafungwe kwa nguvu chini ya viti na kando ya mbavu, mengine omo na mengine shetri, sawa kila upande. Dumu lililolegea si msaada: litatoka na kuelea mbali, au litampiga mtu. Ni njia nafuu, na ndiyo inayompa mkumbaji muda.

MAJI YAKIZIDI BAHARINI

Chombo kikijaa ghafla, mpangilio wa kazi huokoa maisha. Kwanza, kila mtu avae jaketi la kuokolea ikiwa bado hajavaa. Pili, nahodha alegeze demani ili tanga limwage upepo, kisha tanga lituliwe ikiwezekana. Tatu, abiria wakae chini katikati ya chombo na wasikimbilie upande mmoja. Nne, wenye nguvu waanze kukumba mara moja, huku mtu mmoja akitafuta maji yanaingilia wapi. Ufa au tundu huweza kuzibwa kwa kitambaa, kipande cha mti kilichochongwa, au nguo iliyopakwa grisi. Tano, kama chombo bado kinazidi kushuka, farumi na mizigo mizito itupwe baharini. Mali hununuliwa tena.

Msaada uitwe mapema, kabla simu hazijalowa. Chombo chenye redio ya VHF kitumie chaneli 16, ambayo ndiyo chaneli ya dharura baharini. Simu iwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji tangu mwanzo wa safari. Chombo kikipinduka, wote wakishikilie na wakae pamoja.

UKAGUZI WA DAKIKA 30 KABLA YA KUSI

Wenye vyombo wanahimizwa kufanya ukaguzi huu chombo kikiwa ufuoni, na sehemu ya mwisho kikiwa majini penye utulivu:

1. Toa kizibo cha nguzi, kiangalie kama kimeoza au kimelegea, kisha andaa kizibo cha akiba.
2. Safisha vijitundu vyote chini ya mataruma mpaka maji yatiririke hadi kwenye ngama.
3. Mwaga ndoo chache za maji ndani ya chombo kikiwa kikavu, kisha pita nje ukiangalia maungio. Yanapovujia maji nje ndipo bahari itakapoingilia. Weka alama na utie kalafati upya.
4. Kwa boti za faiba, vuta kila mpira wa mfereji kwa mkono. Ukisogea, klipu imelegea. Fungua na kufunga kila koki.
5. Kwa boti za kokpiti, funga boti gatini, panda na watu na mizigo ya kawaida, kisha uangalie sakafu. Maji yakiingia kupitia mifereji, mzigo umezidi.
6. Ukiwa hapohapo, jaza kokpiti kwa ndoo na upime kwa saa muda inaochukua kumwagika. Uandike. Mwaka ujao muda ukiongezeka, njia imeanza kuziba.
7. Hesabu ndoo, hakikisha zimefungwa kamba, na ukaze vifuniko vya madumu ya hewa.

NAFASI YA ABIRIA NA YA JAMII

Usalama huu si wa nahodha peke yake. Abiria ana haki ya kuangalia kabla ya kupanda. Je, chombo kina maji mengi ndani hata kabla ya safari? Ndoo iko wapi? Majaketi yanatosha watu wote, wakiwemo watoto? Ukingo uko juu ya maji kiasi gani baada ya watu kukaa? Jibu lisiporidhisha, subiri chombo kingine. Nahodha anayekataa kuongeza abiria wa mwisho asilaumiwe kwa kuchelewesha watu. Analinda ile nafasi kati ya sakafu na bahari inayowarudisha wote nyumbani.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, uvuvi na udhibiti wa majanga ni miongoni mwa majukumu ya kaunti, huku udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa ukibaki kwa serikali ya kitaifa. Wavuvi wanaweza kuanzia kwa viongozi wa BMU ya ufuo wao na kwa maafisa wa uvuvi. Maswali kuhusu ukaguzi na leseni za vyombo hupelekwa kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA.

Ukaguzi ulioelezwa hapa hauhitaji mashine wala fedha nyingi. Unahitaji nusu saa ya maji kupwa, ndoo, kamba na macho makini. Kila nahodha anayesoma somo hili anaombwa kumweleza mwenzake mmoja, na kila mwalimu au mzazi anaombwa kumwonyesha kijana anayeanza kwenda baharini mahali nguzi ilipo, na jinsi ya kuikaza kabla chombo hakijaguswa na maji.